Juu ya Kuita Taabu kwa Jina Lake



Kila taabu kubwa ijapo katika nchi huja na maneno yake. Vita ina maneno yake, njaa ina maneno yake, na tauni vivyo hivyo. Taabu yenyewe hupita. Waliokufa huzikwa, na waliopona hurudi kazini. Lakini maneno hubaki vinywani mwa watu, na watoto huyatumia pasipo kujua yalizaliwa siku gani. Katika karatasi hii twataka kuyatazama maneno yaliyoenea katika nchi yetu tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na biashara ikaanguka pamoja nao. Hatutayatazama kama mwalimu wa sarufi ayatazamavyo. Swali letu ni la dhamiri: Je, jina tulipalo jambo laweza kupunguza wajibu wetu kwa jirani? Na Mkristo afanye nini aonapo kwamba neno moja limetungwa ili lisaidie, na jingine limetungwa ili lifiche?

Labda wengine watasema, "Maneno ni maneno tu, mgonjwa haponi kwa jina, wala hafi kwa jina." Hao twawaomba watufuate mpaka Unguja, katika kijiji cha Kizimbani, kisha wahukumu wenyewe. Nasi twawapeleka huko kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili tunachokiandika leo msingi wake ni Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kiwe lugha ya vitabu na shule. Basi maneno ya Unguja ni maneno yetu sote. Pili, kijiji hicho kimeonja magonjwa na kuanguka kwa biashara zaidi ya mara moja.

Habari za Kizimbani

Kizimbani ni kijiji cha mashamba, nje ya mji wa Zanzibar, si mbali na Kidichi. Mikarafuu ya kwanza ya Unguja ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19 huko Mtoni na Kizimbani, na tangu siku za Seyyid Said karafuu ikawa utajiri wa kisiwa, utajiri uliochumwa kwa mikono ya watumwa. Magofu ya hamamu za zamani yako hata sasa. Leo pana mafunzo na utafiti wa kilimo, na pana mashamba ya viungo: mdalasini, kungumanga, iliki, pilipili manga, vanila na karafuu yenyewe. Wageni wa nchi za mbali huja kuyaona na kuyanusa. Mwenyeji mmoja huwatembeza, wa pili hupanda mnazi mbele yao, wa tatu husuka kofia za makuti, na wa nne huwauzia viungo katika vifuko vidogo. Hivyo mgeni mmoja hulisha nyumba nyingi.

Mwaka 2019 watalii 538,264 walifika Zanzibar. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imeenea ulimwenguni, na katika mwezi uo huo mgonjwa wa kwanza alitangazwa Tanzania, kisha Zanzibar. Ndege za wageni zikakoma mpaka mwezi Juni. Mwaka ulipokwisha, waliofika walikuwa 260,644, yaani chini ya nusu. Basi mwenye kusuka kofia hakuwa na wa kumvika, na iliki ikakaa katika vifuko vyake. Ndipo maneno mapya yalipoingia kijijini kwa redio na kwa simu, tena kwa haraka: karantini, barakoa, kitakasa mikono, kutokaribiana, wimbi la pili, chanjo. Nyuma yake yakaja maneno ya mfuko: kupunguzwa kazi, likizo bila malipo, mdororo wa uchumi, ahueni.

Tena jina la kijiji hiki lafanana na neno litumikalo katika hukumu. Mshitakiwa asimamapo mbele ya hakimu, twasema yu kizimbani. Nasi twataka kuyasimamisha maneno haya kizimbani, neno moja moja, na kuyauliza: Umetumwa na nani, na umekuja kumfanyia nini jirani?

Wazee waliitaje taabu yao?

Kabla ya kuyahukumu maneno ya siku zetu, yafaa tujue jinsi wazee walivyofanya. Mwaka 1858 na 1859 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Unguja, na ukaja tena kwa ukali mwaka 1869 na 1870. Salme binti Seyyid Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, aliandika katika kitabu chake kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi ugonjwa ule ulivyomwua mama yake mwaka 1859. Binti huyo baadaye alikaa kwa muda katika shamba lake, na shamba hilo lilikuwa hapa Kizimbani. Naye tabibu James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu mwaka 1876, akaeleza jinsi kipindupindu kilivyosafiri kwa njia za misafara ya bara na kwa vyombo vya pwani.

Sikilizeni neno lenyewe: kipindupindu. Ndani yake twasikia kupinduka. Waliolitumia hawakuwa na darubini za kuona vijidudu, wala hawakujua kwamba ugonjwa hukaa katika maji machafu; lakini walisema waliyoyaona, jinsi mwili wa mtu unavyopinduliwa kwa siku moja. Neno lile halikumpendeza mtu, wala halikumdanganya mtu. Aliyesikia kwamba kipindupindu ki nyumba ya pili alijua kwamba hatari ni kubwa na mgonjwa ahitaji msaada sasa, si kesho. Hii ni sifa ya neno jema la siku ya taabu: halipambi, nalo huwaamsha watu waende.

Tena mwisho wa karne ile, karibu na mji wa Zanzibar, katika kisiwa cha Changuu, palijengwa nyumba iliyokusudiwa kuwa gereza, nayo ikawa karantini ya wasafiri waliotoka katika nchi zenye ugonjwa. Watu wengi hata leo hukiita Kisiwa cha Gereza, ingawa waliowekwa mle walikuwa watu wasiokuwa na kosa, waliosubiri siku zao zitimie. Hapo twajifunza jambo la pili: jina baya hukaa kuliko jina la haki, na asiye na hatia aweza kukumbukwa kama mfungwa kwa sababu ya neno tu.

Maneno yaongozayo

Sasa na tuyaite maneno ya siku zetu. Wa kwanza kizimbani ni karantini. Neno hili asili yake ni Kiitalia, nalo latokana na hesabu ya arobaini. Maana watu wa Venisi walizizuia merikebu zilizotoka penye tauni muda wa siku arobaini kabla ya kuwaruhusu watu washuke. Lakini hesabu ya arobaini si ngeni kwetu. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, naye hutunzwa. Wafiwa huhesabu arobaini ya marehemu. Na sisi tusomao Maandiko twajua mvua ya siku za Nuhu na kufunga kwa Bwana wetu jangwani. Katika desturi zetu mtu wa arobaini ni mtu wa kutunzwa: hupikiwa, hufuliwa, huombewa. Kumbe neno hili geni lilipata nyumba iliyokwisha kutandikwa! Laiti tungalilipokea kwa maana ile, kila aliyewekwa karantini angaliletewa uji mlangoni. Mahali walipofanya hivyo, neno lilikuwa jema. Mahali walipofunga mlango na kusahau aliye ndani, neno lilikuwa lile lile, lakini wajibu ulikuwa umeibwa ndani yake.

Wa pili ni barakoa. Zamani neno hili lilikuwa jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa nyumba za Kiarabu za Unguja na Omani. Mwenye kukivaa alikivaa kwa heshima yake mwenyewe. Mwaka 2020 neno likachukuliwa likapewa kazi nyingine: likavaliwa na mvuvi, na mwalimu, na mwenye kuuza viungo, tena aliyelivaa alivaa zaidi kwa ajili ya mwenzake, ili pumzi yake isimdhuru mwingine. Wala hapana ubaya neno la heshima likiwa neno la upendo.

Wa tatu ni kitakasa mikono. Hili sisi watu wa kanisa tulilisikia kwa sikio la pekee, maana kutakasa ni neno la madhabahuni, nalo likawekwa katika chupa na kuuzwa dukani. Hatukasiriki. Lakini twakumbuka kwamba Pilato naye alinawa mikono mbele ya watu, akamtoa asiye na kosa. Mkono wenye kunuka dawa waweza kuwa safi, na papo hapo ukawa umefumbwa. Neno "kitakasa" lina haki ya kutuuliza, "Mikono hii niliyoitakasa, imefanya nini leo?"

Maneno haya matatu twayaachilia. Yalikuja kuonyesha njia. Yakitumiwa vibaya, kosa si la neno.

Maneno yafichayo

Lakini yako maneno ya namna nyingine. Tangu mwezi Mei 2020 hesabu za wagonjwa wa korona hazikutangazwa tena katika Tanzania kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Ugonjwa haukukoma kwa kutohesabiwa. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2021, misiba ilipozidi, watu wakaanza kusema kwamba fulani amefariki kwa "changamoto ya upumuaji." Tazameni neno hili. Changamoto ni kitu cha kumwamsha mtu, kitu cha kushindana nacho. Mwanafunzi hupewa changamoto ili apate akili. Je, mtu akosaye pumzi usiku, ashikaye ukingo wa kitanda huku watoto wake wakimpepea, huyu ana changamoto? Jirani aliyesikia neno lile hakujua kama aende kwa uangalifu au aende kama siku zote. Wale waosha maiti hawakujua. Mwinjilisti aliyeitwa kuomba kando ya kitanda hakujua. Neno lilikuwa laini, na kwa ulaini wake likawaacha watu wema gizani.

Lingine lilifanyika Zanzibar wakati uo huo. Mwisho wa Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza waziwazi kwamba ameugua korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Tangazo halikumponya; lakini kila aliyekuwa karibu naye aliweza kujua limpasalo, na kila mwenye mgonjwa nyumbani aliweza kusema pasipo haya, "Nasi tuna ugonjwa ule." Mtu mkubwa akikubali jina la kweli la ugonjwa wake, humtoa mtu mdogo katika aibu.

Hapa tumefika penye shaka ya haki, wala si vema kuiruka. Mtu atasema, "Lugha yetu ni lugha ya adabu. Mbele ya wafiwa hatusemi amekufa, twasema ametutoka. Je, kusema kwa upole si upendo? Tena Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya amri ya nane, haitufundishi kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema?"

Ni kweli, nasi hatutaki watu wa kanisa wawe na ulimi mkavu. Lakini yafaa kupambanua. Nisemapo "ametutoka," hapana aliyedanganywa. Mwenye kusema na mwenye kusikia wote wajua kaburi linachimbwa. Upole ule ni wa mfiwa, nao wampunguzia maumivu. Lakini neno linapomzuia msikilizaji asijue lililopo, na kwa kutojua akaumia yeye au watoto wake, hapo upole si wa mgonjwa tena. Ni upole wa msemaji kwa nafsi yake, ili asiulizwe. Basi kipimo ni hiki: Ulaini wa neno hili wamfaa nani? Ukimfaa ateswaye, ni adabu. Ukimfaa yule ambaye ingempasa kusaidia naye hataki, ni ushuhuda wa uongo, hata kama hapana neno moja ndani yake lililo uongo. Na kumtetea jirani, kama Katekisimo isemavyo, ni kulinda jina lake jema. Si kuficha hatari iliyo mlangoni pake.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera, ambako Walutheri ni wengi. Ugonjwa haukuwa na jina. Wengine wakauita Juliana, kwa jina la nguo ya biashara iliyoletwa kutoka Uganda. Jina likachekesha, na kicheko kikawapoteza watu wakati. Baadaye lilikuja jina la kweli, Upungufu wa Kinga Mwilini. Nalo likaeleza kwa maneno machache jinsi ugonjwa ulivyo. Hata hivyo watu wakabuni tena majina ya mafumbo, na wenye ugonjwa wakafa katika vyumba vya nyuma, wasitajwe. Vivyo hivyo UVIKO-19 ni kifupi cha Ugonjwa wa Virusi vya Korona, jina wazi na la haki. Lakini jina wazi halifai kitu, kama kinywa chaona haya kulitamka mahali panapohitaji.

Maneno yafukuzayo

Namna ya tatu ni maneno yanayomtenga mtu na wenzake. Mwezi Machi 2020, katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki, wageni walizomewa njiani kwa neno "Korona!" Mtu akawa ndiye ugonjwa. Kwa sababu ya hatari hii Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuagiza mwaka 2015 kwamba ugonjwa mpya usipewe jina la nchi, wala la mtu, wala la kabila. Mafua makali ya mwaka 1918 yaliitwa ya Kihispania, na hata leo Hispania yachukua lawama. Nayo haikuwa na kosa ila hili, kwamba haikuwa vitani, na magazeti yake yalikuwa huru kuandika habari za wagonjwa. Aliyesema kweli ndiye aliyepewa jina baya! Msishangae basi kama watu huogopa kuwa wa kwanza kusema.

Katika fungu hili twaliweka pia neno "umbali wa kijamii." Aliyelitafsiri hakuwa na nia mbaya, lakini katika masikio ya Kiswahili jamii ni ndugu na majirani, na kujiweka mbali na jamii ni msiba. Twapenda zaidi neno "kutokaribiana," maana hilo lataja miili tu. Mioyo yaweza kukaribiana, ingawa kati ya kiti na kiti pana hatua mbili. Wale kumi wenye ukoma katika Luka sura ya 17 walisimama mbali, kama torati ilivyowaagiza. Lakini kusimama mbali hakukuwazuia wasisikiwe na Bwana, wala hakukumzuia Bwana asiwaponye.

Maneno ya mfuko

Ugonjwa haukutembea peke yake. Na maneno ya uchumi yataka macho makali zaidi, kwa sababu mara nyingi hayana mtendaji. Twasema "amepunguzwa." Tangu zamani twapunguza maji katika mtungi, chumvi katika mchuzi, na bei sokoni; sasa twapunguza watu. Neno lasikika kama hesabu, wala halimtaji aliyepunguza, wala haliulizi watoto wa aliyepunguzwa watakula nini. Lingine ni "likizo bila malipo." Likizo ni kupumzika, je, nani apumzikaye hali hana mchele? Hatusemi kwamba kila mwenye kazi aliyewaachisha watu mwaka ule alitenda dhambi. Wageni walikuwa hawaji, na mfuko wake mwenyewe ulikuwa mtupu. Twasema tu kwamba asijifiche nyuma ya neno. Aseme, "Sina mshahara wa kukulipa, rafiki yangu, nahuzunika, kwa muda wa mwezi mmoja nitakupa unga." Hayo ni maneno mazito kuyanena, lakini ni ya mtu kwa mtu.

Hila ya kuibadili taabu jina haikuanza jana. Zamani katika Zanzibar mwenye shamba aliyetaka fedha, na mwenye fedha aliyetaka faida, waliweza kufanya mauzo ya khiyari. Shamba "liliuzwa," lakini muuzaji alikuwa na hiari ya kulirudisha kwa bei ile ile. Naye akaendelea kukaa humo akitoa kodi. Hivyo mkopo ukaitwa mauzo, na riba ikaitwa kodi, na sheria ya dini iliyokataza riba ikapitiwa kando. Majina yalikuwa safi yote. Deni lilikuwa pale pale. Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa dunia wa miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa yamefungwa kwa rehani, hata mwaka 1934 serikali ikatoa amri za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasitoke mikononi mwao kwa madeni. Hapo kila mtu aliona kwamba jina halimlipii mtu deni.

Siku zetu neno tamu la uchumi ni ahueni. Asili yake ni neno la mgonjwa: homa imeshuka, amekunywa uji, amepata ahueni. Mwezi Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha Tanzania dola milioni 567.25, na tarehe 10 Oktoba ukazinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Shule zikajengwa, hata watu wakasema "madarasa ya UVIKO"; na Zanzibar fedha hizo zikaitwa fedha za ahueni. Twafurahi kwa kila darasa, na kwa kila mama aliyepata mtaji wa kuuza samaki. Lakini watoto wasomao humo wafundishwe pia kwamba ahueni ile ilikuwa mkopo, na mkopo hurudishwa. Hilo si neno la kulaumu. Ni heshima kwa wale watakaolipa.

Neno moja tu la mfuko twalitetea, ingawa ni la mitaani: "vyuma vimekaza." Lilikuwapo hata kabla ya korona. Masikini hulisema akicheka, na aliye mbele yake huelewa pasipo kumwaibisha. Lakini ole wetu tukiitikia kicheko tu! Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, atuonya juu ya yule amtakiaye ndugu heri na joto na shibe, huku hampi kitu. Ndugu akikuambia vyuma vimekaza, amekwisha kubisha hodi.

Fundisho la Martin Luther

Watu wa kanisa letu hatukuachwa bila mfano. Mwaka 1518 huko Heidelberg Luther alifundisha kwamba aujuaye msalaba wa Kristo hulitaja jambo kwa jinsi lilivyo, wala haliiti ovu kuwa jema. Miaka tisa baadaye fundisho lile lilijaribiwa. Tauni iliingia Wittenberg mwaka 1527. Chuo kikahamia Jena, naye akaombwa aondoke. Akakaa, na mkewe Katharina akiwa mjamzito, na nyumba yao ikawa nyumba ya wagonjwa. Ndipo alipomjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo aweza kukimbia tauni.

Jibu lake lafaa kusomwa mpaka leo. Alisema kwamba mchungaji, na mtawala, na kila mwenye mtu wa kumtunza, wasiondoke. Bali asiye na wajibu huo, ikiwa watunzaji wako wa kutosha, aweza kwenda pasipo dhambi. Anayedharau dawa na uangalifu humjaribu Mungu. Na juu ya mtu afichaye ugonjwa wake na kuchangamana na watu alinena kwa ukali sana. Angalieni jinsi alivyoyaweka pamoja mambo tunayoyatenga sisi: kutaja tauni kwa jina lake, kutumia dawa, na kukaa na mgonjwa. Hakutumia imani kuwa barakoa ya kufunika ukweli. Wala hakutumia ukweli kuwa sababu ya kukimbia.

Shauri letu

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu na wainjilisti msomao matangazo mbele ya usharika, twawapa maswali matatu ya kuliuliza kila neno jipya la taabu. La kwanza: Je, lasema lililopo? La pili: Ulaini wake au ukali wake wamfaa nani? La tatu: Nikiisha kulisikia, mikono yangu yajua la kufanya? Neno lisilojibu swali la tatu halijakamilika, hata likiwa la kweli.

Katika maombi ya Jumapili tajeni taabu kwa jina. Msiombe tu kwa ajili ya "wenye changamoto mbalimbali". Ombeni kwa ajili ya wagonjwa wa ugonjwa huu, na kwa ajili ya walioachishwa kazi, na kwa ajili ya wenye madeni. Lakini jina la mtu msilitaje pasipo ruhusa yake, maana ugonjwa ni wa kutangazwa ili watu wajihadhari, bali mgonjwa ni wa kulindwa. Na mkiisha kuomba, mzee mmoja wa kanisa aulize mlangoni ni nani atakayekwenda, na atachukua nini.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Wageni wamerudi Zanzibar, na watoto watazisikia barakoa na karantini kama hadithi. Lakini tauni nyingine itakuja, na bei nyingine itaanguka. Nayo yatakuja na maneno yake, mengine kama taa na mengine kama pazia. Siku ile isitukute tunatafuta neno laini la kujifunika. Adamu alipewa kazi ya kuviita viumbe majina kabla hajapewa msaidizi. Nasi tuliopewa majirani tumepewa kazi ile ile, na hesabu yake tutaitoa mbele za Hakimu ambaye mbele yake wote tutasimama kizimbani.

Mungu atupe ulimi wa kweli na mkono uliofumbuliwa. Amina.